Mcheza kwao hutunzwa, huyu katunzwa na mahasimu

Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli tupu. Ukikatika vizuri kwenye harusi ya mtaani kwenu, shangazi atakubandika noti kwenye paji la uso hata kama mapigo ya ngoma yamekupita kushoto. Kwenu ni kwenu. Lakini niambie, msomaji wangu, umewahi kutunzwa na mtaa wa pili? Tena mtaa ambao umetoka kuuaibisha mchana kweupe, watu wao wote wakiona?

Hiyo ndiyo habari yangu ya wiki hii, na inatoka mbali. Inatoka Marekani, kwenye ule mpira wao wa kuvaa helmeti na kugongana kama mafahali. Najua wengine mmeshanuna, mnataka kuhamia ukurasa wa nyota. Tulieni kwanza. Nyota zenu hazikimbii, na humu ndani kuna mama, kuna mtoto, kuna goti lililopasuliwa, na kuna karatasi moja iliyogeuza mazungumzo ndani ya nyumba.

Mimi nakaa kwa dada yangu, mjini Columbus, jimbo la Ohio. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, alitangulia huku zamani, na mtoto wake wa kwanza kazaliwa hapa hapa. Huyo ndiye mpwa wangu. Kiswahili anakijua, ila kinatoka kimepinda kidogo, kama cha padri wa Kizungu. Jina lake silitaji, chuo chake sikitaji na ligi yake siitaji, kwa sababu mwenyewe kanisihi: "Anko, ukiniandika gazetini, usiniuze." Nimekubali. Jueni tu kwamba ana kilo 138, kwamba mlango wa jikoni anaingia kwa ubavu, na kwamba ugali wa watu wanne kwake ni kionjo.

Kijana anacheza mpira wa chuo. Hapa inabidi niwaeleze taratibu, maana nyumbani ukisema mpira wa chuo mtu anafikiria vijana wenye njaa wanagombea ngao ya bati kwenye kiwanja cha vumbi. Huku ni habari nyingine. Columbus ndiko kilipo chuo cha Ohio State, na Jumamosi ya mechi, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Novemba, mji mzima unavaa nyekundu na kijivu, mpaka bibi kizee anayepima nyama dukani. Uwanja wao unachukua watu zaidi ya 100,000. Kule Michigan kwa mahasimu wao uwanja unachukua watu 107,601. Wote hao wamekuja kuangalia wanafunzi! Mwanafunzi mwenye mtihani wa kemia Jumatatu.

Vyuo hivyo havichezi ovyo ovyo. Vimejipanga kwa makundi, na kila kundi wenyewe wanaliita konferensi. Sisi tuseme ligi, yaishe. Ligi ya Big Ten ilianzishwa mwaka 1896 na vyuo saba. Jina linasema kumi, lakini tangu mwaka 2024 vimo 18, na usiniulize hesabu hiyo wameisomea wapi. Ligi ya SEC, ya majimbo ya Kusini, ilizaliwa mwaka 1932 na tangu huo huo mwaka 2024 ina vyuo 16. Zipo nyingine, kubwa kwa ndogo. Ya mpwa wangu ni ya saizi ya kati, ilikuwa na vyuo 12 msimu ninaousimulia.

Sasa, msimu ukielekea ukingoni, mwishoni mwa Novemba au Desemba, kila ligi inatoa orodha ya wachezaji wake bora. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia leo. Inapangwa kama kikosi: kuna kwotabeki, yaani yule mrushaji, kuna wakimbiaji, wadakaji, watu wa mbele, walinzi, mpaka mpigaji wa mikwaju. Kuna kikosi cha kwanza na cha pili, ligi nyingine zina na cha tatu, na chini kabisa kuna wale wa kutajwa kwa heshima tu, yaani bwana tumekuona, asante kwa kuja. Kichekesho ni kwamba kikosi hicho hakichezi mechi hata moja. Hakina jezi, hakina uwanja, hakina hata picha ya pamoja. Ni timu ya karatasi. Lakini huku utakutana na mzee wa miaka 70, kipara kinang'aa, tumbo limemtangulia, na kabla hajakutajia idadi ya wajukuu atakwambia mwaka aliokuwa kwenye kikosi bora cha ligi.

Na msidhani watu wa Afrika Mashariki hatumo. Yupo Mathias Kiwanuka, mzaliwa wa Indianapolis, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, yule aliyeuawa mwaka 1972 enzi za Idi Amin. Mjukuu alicheza Boston College, na mwaka 2004 ligi ya Big East ikamtangaza mchezaji wake bora wa upande wa ulinzi. Mwaka 2006 timu ya New York Giants ikamchukua raundi ya kwanza. Damu ya Kampala hiyo, ilikuwa inawakimbiza makwotabeki ile mbaya.

Haya, karatasi yenyewe anaiandika nani? Hapo ndipo penye utamu. Ziko orodha za waandishi wa habari na ziko orodha za makocha wenyewe. Kule SEC, shirika la habari la AP linatoa yake na makocha wanatoa yao. Big Ten nao wana ya makocha na ya waandishi. Na kwenye orodha ya makocha wa SEC kuna sharti moja: kocha haruhusiwi kumpigia kura mchezaji wake mwenyewe. Kwenye ligi ya mpwa wangu mambo ni hayo hayo.

Hebu lisome tena sharti hilo. Kocha aliyekulea, anayejua siku ulizoamka na homa ukaja mazoezini, huyo mkono wake umefungwa. Wanaokupigia kura ni wale wengine, waliokesha wiki nzima mbele ya video wakitafuta namna ya kukuzima, kisha Jumamosi ukawalazia vijana wao chali. Jaribu kuwaza benchi la Yanga linakaa chini kimya kimya na kumpigia kura beki wa Simba aliyewatia washambuliaji wao mfukoni. Utasubiri mpaka uote mvi. Huku wanafanya, tena kwa maandishi.

Sisemi kwamba makocha ni malaika. Mwaka 2009, kabla msimu haujaanza, makocha wa SEC walipiga kura ya kutabiri kikosi bora. Kwotabeki wa Florida wakati huo alikuwa Tim Tebow, ambaye mwaka 2007 alishatwaa tuzo ya Heisman, ile kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Kura zikafunguliwa, ikakutwa karatasi moja haina jina la Tebow kwenye kikosi cha kwanza. Nchi ikawaka moto. Mwisho kocha Steve Spurrier wa South Carolina akajitokeza na kusema karatasi ilikuwa yake, ila aliyeijaza ni msaidizi wake. Akaomba radhi hadharani. Kwa hiyo kura hizi zina mambo yake, kama kura zozote. Timu inayoshinda inabebwa, mwenye jina kubwa anapita hata mwaka ambao amechemsha.

Lakini kuna tuzo nyingine ambayo mimi naizimia zaidi. Inaitwa Morris, ilianzishwa mwaka 1980 kwa ligi ya Pwani ya Magharibi, iliyokuwa Pac-10 na baadaye Pac-12. Ile wapiga kura wake ni wachezaji. Watu wa mbele wa mashambulizi wanamchagua mlinzi bora wa mbele, na walinzi wanamchagua mshambuliaji bora wa mbele. Maana yake, anayekupigia kura bado ana alama ya kiwiko chako kifuani. Huyo utamdanganya nini?

Hizi habari za watu wa mbele nina sababu ya kuzishikilia. Mpwa wangu yuko huko mbele, nafasi wanayoiita gadi. Wako watano kwa safu, na kazi yao ni kumzuia jamaa wa upande wa pili asimfikie kwotabeki, au kumfungulia mkimbiaji njia. Mpira hawaugusi, ukimwondoa yule wa katikati anayeuanzisha. Sheria yenyewe haiwaruhusu kupokea pasi ya mbele kama wenzao. Hawana yadi walizokimbia, hawana mipira waliyodaka, kwenye karatasi ya takwimu wamo kama vile hawakuja. Kwotabeki ndiye anayeuza sura. Yeye ndiye yuko kwenye mabango, yeye ndiye wasichana wanamtafutia namba ya simu. Gadi anasikika siku akikosea tu. Akimshika mtu isivyo halali, mwamuzi anawasha kipaza sauti, anataja namba yake uwanja mzima usikie, na timu inarudishwa nyuma yadi 10.

Wale mnaopika kwenye shughuli za watu mtanielewa vizuri. Pilau likiwa zuri, sifa anapewa bibi harusi. Likiungua, mpishi anatajwa mpaka jina la babu yake.

Dada yangu mpira huo hakuupenda tangu mwanzo, na ana haki yake. Kijana aliingia timu bila ufadhili, kwa kujipeleka mwenyewe mazoezini na kuomba nafasi. Ada ikawa ya mama. Dada anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na miaka miwili hiyo alikuwa akipiga zamu mbili, anatoka usiku, anarudi asubuhi miguu imevimba. Mwaka wa pili goti la kijana likachanika. Akapasuliwa, akakaa nje msimu mzima. Mwaka wa tatu akarudi, akapata namba, na ufadhili ukaja nao. Mwaka wa nne akacheza kila mechi. Akabakiwa na mwaka mmoja wa kuruhusiwa kucheza.

Hapo ndipo dada aliposema basi. "Shahada inakaribia, goti moja limebaki zima, anataka nini tena?" Mimi nilikuwa upande wa kijana, lakini kumjibu dada siyo kazi ndogo. Alikuwa akikaa mbele ya televisheni siku asizo na zamu, uso ameukunja, anatafuta mwanawe. "Mimi naona lundo la watu tu," analalamika. "Wanaanguka, wanaamka, wanaanguka. Mtangazaji hajamtaja hata mara moja. Hivi kuna mtu anamuona huyu mtoto, au anavunjwa bure?"

Swali hilo lilikaa mezani kwetu msimu mzima, kama chumvi. Nilijaribu njia ya hela. Nikamweleza kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kula matunda ya majina yao, matangazo na kadhalika, na kwamba tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza mpaka dola milioni 20.5 hivi kwa chuo kizima, michezo yote. Dada akaniangalia kama mtu anayemwangalia konda aliyekataa kurudisha chenji. "Na huyu wetu amepata ngapi?" Nikanyamaza. Hela hizo zinapenda sura, na zinapenda vyuo vikubwa. Huyu wetu alikuwa amepata viatu pea mbili na kuponi za baga.

Ikaja Desemba. Orodha ya ligi ikatoka siku ya kazi, jioni, dada yuko jikoni anasonga, mimi nakatakata mboga. Simu ikalia. Kijana hakusema hata shikamoo, na huyo siku zote adabu yake haina kasoro. "Mama, wamenichagua. Kikosi cha pili. Cha makocha."

Kwenye orodha ya waandishi hakuwemo hata kwa kutajwa. Niliitazama mara tatu.

Dada kwanza hakufurahi, jamani. "Cha pili? Kwa hiyo watano wamempita?" Nikachukua bahasha ya bili ya umeme nikamfanyia hesabu nyuma yake. Vyuo 12, kila kimoja kina watu watano wa mbele wanaoanza mechi, jumla ni 60. Kikosi cha kwanza wanaingia watano, cha pili watano. Kati ya wanaume 60, kila mmoja ana kilo zaidi ya 130, mwanao yuko ndani ya kumi bora. Na huko SEC ni noma zaidi: vyuo 16, watu 80, nafasi za kwanza tano tu. Dada akaikubali hesabu kwa shingo upande.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Waliomchagua ni nani?"

"Makocha."

"Kocha wake kampendelea, basi."

"Kocha wake hana kura kwa wachezaji wake, dada. Wamemchagua makocha wa timu nyingine. Wale aliocheza nao."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. "Wale maadui?"

"Hao hao."

Akaupunguza moto, akavuta kiti, akakaa. Dada yangu siyo mtu wa kuleta habari za kazini nyumbani, lakini siku hiyo alinisimulia jambo ambalo kwa miaka yote niliyokaa naye sijawahi kulisikia. Mwanzoni kabisa alipoanza kazi kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekataa kuguswa naye. Akimuona anaingia anapiga kelele. Alimwita majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Dada hakuwa na pa kwenda, akaendelea. Akimwosha, akimgeuza, akimlisha, akimfunika, na bibi anatukana. Ikapita kama miaka miwili. Dada akachukua likizo ya siku kumi. Aliporudi wenzake wakamlaki mlangoni: bibi alikuwa amekataa kuogeshwa na mtu mwingine yeyote, anauliza tu, yule wangu yuko wapi?

"Hakuniomba radhi mpaka alipokufa," dada akasema. "Lakini siku ile ndiyo nilijua kazi hii naiweza. Wenzangu walikuwa wananisifia kila siku, wala sikuwaamini. Tunapendana, tutaachaje kusifiana?"

Mimi nilibaki na kisu mkononi, mboga zimenishinda.

Nikaona nami nimlipe kwa habari moja. Nikamsimulia juu ya Jerry LeVias. Huyu alikuwa kijana mweusi wa Texas, mfupi, mbio kama swala. Chuo cha SMU cha Dallas kilimchukua, akawa mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa mpira katika ligi ya Kusini Magharibi. Alicheza misimu mitatu, 1966 mpaka 1968. Miaka hiyo, msomaji wangu, mtu mweusi kuingia uwanja wa Texas amevaa jezi ya chuo cha wazungu haikuwa jambo la mzaha. Alitukanwa, alitishiwa kuuawa, aliumizwa makusudi chini ya lundo la watu. Mwaka 1968, kwenye mechi na TCU ya Fort Worth, mchezaji wa upande wa pili alimtemea mate usoni. LeVias akatoka, akafika benchi, akasema basi, anaacha. Kisha akabadili nia, akarudi uwanjani, akaupokea mpira uliopigwa na wapinzani na kukimbia nao yadi 89 mpaka mwisho. SMU wakashinda.

Na katika misimu yote mitatu, ligi hiyo hiyo iliyomtesa ilimweka kwenye kikosi chake bora. Mara tatu. Hakuna aliyemfanyia hisani. Walimchagua kwa sababu walikuwa wamemkimbiza na hawakumpata, na mtu aliyekukimbia hivyo huwezi kuandika kwamba hana mbio, hata kama unamchukia. Mwaka 2003 wakamwingiza kwenye ukumbi wa mashujaa wa mpira wa vyuo.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, ugali umeshika ukoko. Kisha akauliza kama mama yake LeVias alikuwa akienda kuangalia mechi. Nikamwambia hilo silijui. "Mimi nitakwenda," akasema.

Ndivyo ilivyoamuliwa, msomaji. Hakukuwa na kikao cha ukoo. Alimpigia kijana simu baada ya chakula na kumpa masharti kama hakimu: daktari aliangalie goti kwanza, shahada imalizike wakati wake, na siku goti likisema hapana, hapana hiyo haijadiliwi. Kijana akakubali yote. Nilimsikia anavuta makamasi upande wa pili wa simu, kilo zote hizo 138. Wiki iliyofuata dada akaenda kwa msimamizi wake kuomba apangiwe Jumamosi tatu za mapumziko mwakani, miezi tisa kabla.

Sitaki niwadanganye kwamba sasa mambo yamenyooka. Drafti, ile siku ambayo timu za kulipwa zinagawana vijana, ina raundi saba tu, na vijana wanaosubiri kuitwa ni wengi mno. Kikosi cha pili cha ligi ya kati siyo tiketi. Huenda akaitwa, huenda akaishia kufundisha watoto hesabu, kwani ndiyo anayoisomea. Goti nalo lina kauli yake, hasa asubuhi za baridi. Tuzo yenyewe haikuja na hundi. Ilikuja na cheti, na dada amekitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya marehemu baba yetu. Kwa wanaomjua dada, hapo ni mahali pakubwa.

Kilichobadilika ni hiki. Lile swali la dada limepata jibu. Mtoto alikuwa anaonekana muda wote. Watangazaji hawakumwona, mashabiki hawakumwona, mama yake aliona lundo la watu. Waliomwona ni wale waliokuwa na kila sababu ya kutomwona, na walipopewa karatasi na kalamu, peke yao, hakuna wa kuwachungulia, waliandika jina lake. Mjini hapa sifa ni nyingi. Mshkaji atakusifia akitaka umlipie soda, mchumba atakusifia akitaka mwende matembezi, na bosi atakusifia akitaka ubaki mpaka saa mbili usiku. Sizikatai, zinasaidia siku kupita. Ila ningekuwa wewe, ningejiuliza mahasimu wangu wangeandika nini.

Nimalizie na hili. Siku mbili baada ya orodha kutoka, mpwa wangu alipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mlinzi wa timu moja pinzani, jitu la miraba minne ambalo wamesukumana nalo misimu miwili mfululizo. Hawajawahi kuongea zaidi ya kutukanana kwenye mstari. Ujumbe haukuwa na hongera wala salamu. Jamaa aliuliza kitu kimoja tu: "Mwakani unarudi?"

Mpwa wangu akamjibu kwamba anarudi.

Jamaa akaandika tusi moja, la kwao huko, akaweka na kidole gumba juu.